Paa Kuukuu Si Sadaka



Nyuma ya nyumba ya mapadri, katika parokia yetu hapa Likasi, ilikuwako garaji ya zamani. Mapadri wa kwanza waliijenga wakati mji huu ulipokuwa bado unaitwa Jadotville, jina ulilopewa mwaka 1931 na kuliacha mwaka 1966. Humo waliweka motokari yao ya kuzungukia vijiji. Motokari hiyo mimi sikuiona kamwe. Nilipopata akili, garaji ilikuwa imekwisha kuwa ghala ya majembe, viti vilivyovunjika, na sanamu moja ya Mtakatifu Yosefu isiyo na mkono.

Kuta zake zilikuwa za matofali mazuri ya kuchoma. Lakini paa lake lilikuwa la kijivu, lenye mawimbi kama bati, limeota kuvu kwa mvua za miaka mingi. Si bati la chuma. Ni kile ambacho sisi hapa twakiita eterniti, yaani simenti iliyochanganywa na nyuzi za amianti. Wengine husema asbesto. Ni kitu kimoja.

Nataka kuwasimulia jinsi tulivyoiondoa garaji hiyo. Labda mtasema: "Katekista, kubomoa garaji nako ni jambo la kuandikia gazeti?" Mimi mwenyewe nilidhani ni kazi ya Jumamosi moja. Ikawa kazi ya miezi mitatu, na ndani yake nikafundishwa jambo juu ya kutoa sadaka, ambalo sikulipata seminarini.

Mambo yalianza hivi. Baraza la parokia liliamua kujenga darasa kwa ajili ya watu wazima wanaojifunza kusoma. Pesa zilikuwa chache. Basi tukasema: garaji haina kazi, tuibomoe, matofali yake tuyatumie katika darasa. Na paa? Mjumbe mmoja alitaka tuliuze. Mimi nikasimama, nikasema kwa sauti kubwa kwamba si vizuri misioni kufanya biashara ya vitu vikuukuu, afadhali mabati hayo wapewe maskini. Watu walipiga makofi. Nami, nawaungamieni, nilifurahi kupigiwa makofi.

Palepale tulimtaja mama mjane mmoja wa Kikula. Analea wajukuu watano, na jiko lake halikuwa na paa ila vipande vya turubai na maboksi. Mvua ikinyesha, moto unazimika na watoto wanalala na njaa. Nilikwenda kwake mwenyewe, nikamwambia: "Mama, Mungu amekukumbuka. Jumamosi njoo na mkokoteni, tutakupa mabati kumi." Alinishika mikono yote miwili, akalia.

Jumamosi ikafika. Ulikuwa mwezi wa Agosti, kiangazi kikali, nchi imekauka na vumbi jekundu limejaa kila mahali. Vijana kama ishirini wa salongo walikuja na nyundo, mitaimbo, na nyimbo. Mama mjane alikuja mapema kuliko wote, pamoja na mjukuu wake mkubwa anayesukuma mkokoteni. Niliwaambia vijana: "Pandeni juu, pigeni, vunjeni yale yasiyofaa, yaliyo mazima mteremshieni mama." Kijana mmoja alikwisha kuegemeza ngazi ukutani.

Ndipo akapita mzee mmoja, fundi wa paa tangu ujana wake, sasa amestaafu. Alikuwa anakwenda kisimani na bidoni lake. Akasimama, akatazama, akaweka bidoni chini.

"Katekista, mwanangu," akasema, "waambie watoto hawa washushe ngazi. Paa hilo halivunjwi kwa nyundo."

Kwa kuwa ni mzee wangu sikumjibu vibaya, lakini moyoni nilikasirika. Nikamwambia: "Baba, watu wamekwisha kusanyika. Hili si paa tu?"

Akanitazama kidogo, kisha akasema: "Umekwisha kumsahau baba yako mdogo?"

Maneno hayo yalinipiga kifuani. Baba yangu mdogo ndiye aliyenilea. Alikuwa fundi seremala, na kwa miaka mingi walifanya kazi pamoja na mzee huyu wakiezeka na kutengeneza mapaa ya eterniti katika nyumba za mji. Waliyakata kwa msumeno. Jioni alirudi nyumbani na vumbi jeupe katika nyusi zake, nasi watoto tulimcheka tukisema baba amezeeka leo. Mama mdogo alizikung'uta nguo zake mlangoni kabla ya kuzifua, nasi tulikuwa hapo hapo tunacheza. Vipande vilivyobaki tuliviokota, tukaviandikia sakafuni kama chaki. Vingine tulivitupa motoni kwa sababu vinapasuka kwa kishindo kama bunduki. Hiyo ilikuwa furaha yetu kubwa.

Baba mdogo aliaga dunia mwaka 2011. Alikuwa amekonda sana, akihema kama mtu aliyepanda mlima na mzigo, na kumbe ameketi tu kitini. Sitasema kwa hakika kwamba vumbi la eterniti ndilo lililomwua. Alifanya kazi mgodini pia, tena alivuta sigara, na hakuna daktari aliyetupa jina la ugonjwa wake. Lakini mzee aliniambia asubuhi ile: "Tulikuwa mafundi wanne wenye msumeno. Nimebaki mimi."

Vijana wakashuka. Nyimbo zikanyamaza. Mama mjane akabaki amesimama karibu na mkokoteni wake mtupu, ananitazama. Sikuwa na neno la kumwambia. Nilimwambia arudi juma lijalo. Akarudi Kikula na mkokoteni uleule mtupu.

Usiku ule sikulala. Kesho yake, baada ya Misa, nikaanza kutafuta. Niliuliza daktari mmoja ninayemjua, nikasoma vitabu, nikasoma maandishi ya Shirika la Afya Duniani. Kuuliza si ujinga, husema wahenga. Haya ndiyo niliyoyapata, nami nayaandika kwa kifupi ili nanyi mjue.

Amianti ni jiwe. Huchimbwa ardhini kama shaba yetu inavyochimbwa. Lakini mawe mengine ukiyaponda hutoa unga; hili hutoa nyuzi, laini kuliko pamba. Nyuzi hizo haziungui wala haziozi. Jina asbesto latoka katika neno la Kiyunani asbestos, maana yake kisichozimika. Wale waliojifunza Kiyunani cha Injili wanalijua neno hilo: limo katika Injili ya Marko, sura ya 9, pale Bwana anapotaja moto usiozimika. Nami nilikuwa nimelisoma darasani miaka mingi iliyopita, wala sikujua kwamba neno hilo lilikuwa juu ya garaji yetu.

Mwaka 1901 mtu mmoja wa Austria, jina lake Ludwig Hatschek, alipata hati ya uvumbuzi wake wa kuchanganya nyuzi hizo na simenti, akatengeneza vibao vyembamba vya kuezekea. Akaviita Eternit, kutoka neno la Kilatini lenye maana ya milele. Tusiwacheke watu waliovipenda. Paa hilo halipati kutu. Mchana wa jua kali, ndani yake kuna ubaridi kuliko chini ya bati la chuma. Na mvua ikinyesha, mwalimu anasikika, maana halipigi kelele. Wanaofundisha chini ya bati la chuma mwezi wa Januari wanaelewa ninalosema. Wabelgiji walikuwa na kiwanda kikubwa cha vitu hivi huko kwao, katika mji mdogo wa Kapelle-op-den-Bos.

Lakini jiwe hilo lina ubaya wake. Nyuzi zake zikipeperuka hewani hazionekani kwa macho. Mtu huzivuta kwa pumzi, nazo huingia mapafuni, hujichoma humo kama miiba, na mwili hauwezi kuziyeyusha. Hukaa. Baada ya miaka mingi, mara nyingi ishirini, thelathini, hata arobaini, huweza kuleta ugonjwa: mapafu kukakamaa, kansa ya mapafu, au kansa ya ngozi nyembamba inayoyafunika mapafu, ambayo madaktari huiita mesotelioma. Anayevuta sigara pamoja na vumbi hilo anaongeza hatari ya kansa ya mapafu mara nyingi.

Mambo haya hayakugunduliwa jana. Huko Uingereza, katika mji wa Rochdale, mwanamke mmoja mfanyakazi wa kiwanda cha amianti, Nellie Kershaw, alikufa mwaka 1924, na daktari aliyechunguza mapafu yake akaandika habari zake katika gazeti la madaktari mwaka uleule. Mwaka 1960, daktari J. C. Wagner na wenzake wa Afrika Kusini walitoa habari za wagonjwa 33 wa mesotelioma. Wengi wao walitoka sehemu za migodi ya amianti katika jimbo la Cape, na baadhi yao hawakuwa wachimbaji hata kidogo. Waliishi tu karibu na migodi hiyo, wengine walipokuwa watoto wadogo.

Tena iko habari ya jamaa moja ya Ubelgiji, iliyofika mbele ya mahakama na kujulikana na watu wote. Pierre Jonckheere alikuwa mhandisi katika kiwanda kile cha Kapelle-op-den-Bos. Alikufa kwa mesotelioma mwaka 1987. Mke wake, Françoise, hakufanya kazi kiwandani. Lakini mume alirudi nyumbani na vumbi katika nguo zake, na nyumba yao ilikuwa karibu. Naye akashikwa na ugonjwa uleule, akafa mwaka 2000. Kabla ya kufa alikishtaki kiwanda. Wana wawili kati ya watano wakafa baadaye kwa ugonjwa huohuo. Mwaka 2011 mahakama ya Bruxelles iliwapa haki jamaa hao, na mahakama ya rufani ikathibitisha kosa la kiwanda mwaka 2017, ingawa ilipunguza sana fidia.

Niliposoma habari za mama huyo nilimwona mama yangu mdogo, akizikung'uta nguo mlangoni. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sikujua kwamba methali inaweza kuwa kweli hivyo.

Ubelgiji ilikataza amianti mwaka 1998, na Umoja wa Ulaya wote mwaka 2005. Kenya iliikataza mwaka 2006, Afrika Kusini mwaka 2008. Jirani zetu wa Rwanda wana mpango wa serikali wa kuondoa mapaa hayo katika nchi nzima. Lakini paa lililoezekwa zamani halijui sheria. Limekaa tu juu ya kuta zake, linachakaa.

Hapa nataka mnisikilize vizuri, ili mtu asiende nyumbani akawatoa watoto wake nje usiku kwa hofu. Paa la eterniti lililo zima, lililotulia, lisilokatwa wala kusuguliwa, halitoi vumbi la kuogopesha. Simenti inazishika nyuzi. Hatari inakuja pale linapovunjwa, linapokatwa kwa msumeno, linapotobolewa, linapofagiliwa likiwa kavu, au linapozeeka mpaka uso wake unakuwa unga. Kwa hiyo mapadri waliokaa karibu na garaji ile miaka sitini hawakuwa wapumbavu. Mpumbavu nilikuwa mimi, niliyeleta nyundo ishirini.

Baraza la parokia likakutana tena. Niliwaeleza yote. Mabishano yakawa makali, nami nitayaandika kwa haki, maana waliobisha hawakuwa watu wabaya.

Mmoja alisema: "Mabati yale ni thelathini na mawili. Tukiyauza tunapata mlango na madirisha ya darasa. Anayenunua ni mtu mzima, ana macho yake." Mwingine akajibu kwamba vumbi hili ni jambo lisiloonekana kwa macho.

Mmoja, mama mwenye busara tunayemheshimu wote, alisema neno lililotunyamazisha: "Ninyi mnasema vumbi linaua baada ya miaka thelathini. Njaa inaua mwezi huu. Mama wa Kikula ana wajukuu watano, na mvua zinakuja. Mnamnyima paa leo kwa sababu ya ugonjwa wa mwaka 2050?"

Hilo ni swali la kweli, wasomaji wangu. Nililibeba siku tatu. Nikajibu hivi, na mpaka leo ndilo jibu langu. Kwanza, mabati yale hayatoshei jiko lake mpaka yakatwe, na atakayeyakata ni yule mjukuu wa mkokoteni, mwenye miaka kumi na minne, ambaye miaka thelathini anayo. Pili, eterniti juu ya moto wa mkaa hupasuka. Mimi mwenyewe niliipasua motoni nilipokuwa mtoto. Tatu, tajiri aliyepewa kitu kibaya anaweza kukitupa na kununua kingine. Maskini hawezi kukirudisha. Atakaa nacho, atakitoboa, atakipachika viraka, na watoto wake watakirithi. Kitu tunachokiogopa sisi kwa darasa letu, tukimpa mjane na kukiita sadaka, hatukumpa kitu. Tumehamisha mzigo wetu kutoka mgongo wetu kwenda mgongo wake, tena tunataka atushukuru.

Lakini yule mama wa baraza alisema kweli pia. Kumnyima eterniti hakumpi paa.

Nilikwenda Kikula kumwambia. Hiyo ndiyo safari iliyokuwa nzito kuliko zote. Nilimweleza yote, polepole, nikimtaja na baba mdogo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Mwanangu katekista, nimeelewa. Kitu kisichofaa kwa darasa lenu hakiwezi kufaa kwa jiko langu. Lakini wewe ulikuja hapa ukaniambia Mungu amenikumbuka. Sasa Mungu amesahau tena?"

Sikupata jibu. Nikamwambia: "Mama, si Mungu aliyesahau. Mimi nilisema kabla ya kujua." Nikamwahidi mabati ya chuma. Sikujua yatatoka wapi.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana ziko garaji nyingine na mabanda mengine, na pengine msomaji mmoja anajitayarisha na nyundo yake.

Kwanza tulikwenda kuuliza katika ofisi moja ya mji kama kuna mahali pa kuzika vitu kama hivi. Mahali pa pekee hatukupata, tukaruhusiwa kuvizika katika ardhi yetu wenyewe. Penye mahali palipowekwa na serikali, mtu avipeleke huko. Tulichagua pembe ya juu ya shamba la misioni, mbali na visima na mto, mahali ambapo hatutajenga wala kulima. Vijana wa salongo walichimba shimo la mita mbili kwenda chini. Kazi hiyo haikuwa na hatari, basi wakaimba kama kawaida yao.

Tulinunua plastiki nzito. Tulinunua barakoa za kuzuia vumbi laini kabisa, zile za mafundi zinazobana usoni. Tuliagiza Lubumbashi, mwendo wa kilometa 120 hivi. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii nyuzi hizi. Ni kujidanganya.

Nani atapanda? Vijana walijitolea wote. Mzee akakataa. Akasema: "Ugonjwa huu unataka miaka thelathini kukomaa. Sisi wazee hatuna miaka hiyo ya kuupa. Sisi ndio tufanye." Tukacheka, lakini alisema kwa makini. Basi walifanya kazi watu wazima wanne, wote wamepita miaka hamsini, na mzee akiwa kapita wao. Mimi niliomba niwe wa tano, niwe chini napokea. Alinikubalia kwa shida. Watoto na wapita njia tuliwazuia kwa kamba.

Tulianza alfajiri, kabla upepo haujaamka. Tulilowesha paa kwa maji yenye sabuni kidogo, maji ya kunyunyiza kama ya bustani, si ya kumwaga kwa nguvu. Maji hapa kwetu wakati wa kiangazi mnajua yalivyo. Wamama wa parokia waliyaleta kwa bidoni, kila mmoja bidoni moja. Hakuna mtu aliyekanyaga paa. Eterniti ya zamani inavunjika chini ya mguu kama yai, na wengi wameanguka hivyo. Mafundi walisimama juu ya mbao imara zilizowekwa juu ya maboriti. Misumari ya kupinda walikuwa wameipaka mafuta tangu jana yake. Iliyokataa kufunguka waliikata kwa koleo, hawakuipiga.

Kila bati liliteremshwa zima, mkononi, watu wawili wawili. Hatukulitupa hata moja. Tuliliweka juu ya plastiki, tukalilowesha tena, tukalifunga kama mtu anavyofunga maiti, tukaziba kwa gundi. Mabati matatu yalikuwa yamepasuka tangu zamani. Vipande vyake tuliviokota vikiwa vimelowa, tukavitia katika mfuko maalumu. Hatukufagia. Tulipangusa maboriti na kuta kwa vitambaa vilivyolowa, na vitambaa tukavizika pia. Hata udongo wa chini ya ukingo wa paa, pale maji ya mvua yalipodondoka miaka yote hiyo, mzee alitaka tuukwangue ukiwa umelowa, tukaufukia shimoni.

Mwisho wa siku, nguo tulizozivaa hazikwenda nyumbani. Zilikuwa nguo kuukuu, tukaziweka shimoni pamoja na mabati. Tulioga palepale nyuma ya garaji kabla ya kuwasalimia wake zetu. Nilipokuwa najimwagia maji nilimkumbuka baba mdogo na nyusi zake nyeupe. Laiti mtu mmoja angemwambia tu: oga kwanza, acha nguo zako kazini. Maneno machache hivyo. Hakuna aliyemwambia.

Kazi ya paa ilichukua asubuhi tatu. Kwa nyundo tungemaliza kabla ya saa nne. Tulifukia shimo, udongo wa zaidi ya mita moja juu yake, tukaupondaponda kwa miguu.

Darasa likaanza kujengwa kwa matofali yale mazuri, baada ya kuyapangusa kwa maji. Mlango halina bado. Wanafunzi wetu wazima wanasoma huku mbuzi wakiwachungulia.

Na mama wa Kikula? Jumapili ya pili ya Septemba nilisimama baada ya Misa, nikawaeleza waamini yote, hata makofi yale niliyoyafurahia. Nikasema: "Nilimwahidi mjane mabati yenye sumu. Sasa nina deni." Yule mjumbe aliyetaka tuuze paa alikuwa wa kwanza kuja mbele, alitoa mabati mawili ya chuma. Wengine walileta faranga kidogo kidogo, mmoja akaleta misumari katika kopo la maziwa. Mpaka mwisho wa Oktoba tulikuwa na mabati saba. Mvua hazikutungoja. Zilianza kabla, na kwa majuma mawili mama huyo alipika chini ya turubai kama zamani. Nilipita kwake siku moja ya mvua, nikakuta watoto wamejikunyata na moto umezimika. Siku hiyo sikula chakula changu cha jioni, nilikipeleka Kikula. Kilikuwa kidogo kwa watu sita.

Mwezi wa Novemba vijana waliezeka jiko lake kwa mabati nane. Si kumi. Upande mmoja bado ni wazi, lakini moto hauzimiki tena. Mama alimpa mzee wetu wa paa kuku. Mimi hakunipa kitu, wala sikustahili. Ila siku nilipokuwa naondoka aliniambia: "Sasa rudi useme Mungu amenikumbuka."

Ndugu wasomaji, katika mji wetu na katika miji mingi ya Katanga ziko bado nyumba, shule na maghala yenye mapaa ya eterniti. Likiwa zima, liacheni limetulia. Mnaweza kulipaka rangi nzito, lakini msilisugue kwanza kwa brashi. Likivunjika, lilowesheni kabla ya kulishika. Msilikate kwa msumeno, msiwaachie watoto vipande, msitupe motoni. Likibidi kuondolewa, liondoeni zima na kulizika mbali. Na mkiona watu wanalitoa bure kwa maskini, waulizeni kwa upole kama wangeliezekea nyumba yao wenyewe.

Limebaki jambo moja. Mapadri wetu wana kitabu cha shajara ya misioni, ambamo tangu zamani huandikwa mambo ya nyumba: lini kengele ililetwa, lini kisima kilichimbwa, mwaka gani mvua zilikosa. Nilitafuta humo habari za garaji. Nilipata mstari mmoja tu wa Kifaransa, kwamba paa limekwisha na ni zuri. Aliyeandika hakujua alichokiweka juu ya kuta hizo, nasi hatuwezi kumlaumu.

Lakini sisi twajua. Kwa hiyo nilimwomba Baba Paroko ruhusa, nikaandika chini, kwa Kiswahili, ili kila mtu asome: mahali shimo lilipo, hatua ngapi kutoka pembe ya ukuta wa juu, kina chake, hesabu ya mabati, na neno la mwisho: Msichimbe hapa. Mzee akaniomba nimsomee nilichoandika. Nikamsomea. Akasema niongeze jina la baba yangu mdogo, na ya wale mafundi wengine wawili.

Nikayaongeza.